Masizi Kabla ya Moto

Katika nchi ile watu walizaliwa wakazikuta helikopta angani kama walivyoukuta mwezi, na hakuna aliyeona sababu ya kuuliza ya kwanza ilitoka wapi. Hata Zabroni hakuuliza. Kazi yake ilikuwa ndogo, na kwa miaka mingi alikuwa akimwomba Mungu ibaki hivyo hivyo. Alikaa kwenye nyumba ndefu yenye dirisha moja, lililotobolewa karibu kabisa na dari, dirisha lililoonyesha mbingu bila nchi. Humo alipaka rangi helikopta za plastiki ambazo zingetosha kwenye sinia la chai. Kila helikopta kubwa iliyomtumikia Mkuu ilikuwa na ndogo yake kwenye rafu za nyumba ile, na ndogo ilipaswa kufanana na kubwa mpaka kwenye kutu. Siku alipoajiriwa aliambiwa: wewe unanakili. Kubwa iko uwanjani, ndogo iko mezani kwako. Akaamini, ingawa uwanja hakuwahi kuuona.

Siku za nyumba ile hazikufuatana. Mtu aliweza kulala Jumanne akaamkia Jumanne ya nyuma yake, akakuta rangi aliyoipaka jana haijapakwa na gundi iliyokauka ingali mbichi. Wengine hali hiyo iliwatia wazimu. Zabroni aliizoea. Alijiambia kwamba Mungu anayo haki ya kuufungua mlango alioufunga, na kwamba mtumwa haulizi saa. Kila asubuhi, iwe ya mbele au ya nyuma, kabla hajashika brashi aliinamisha kichwa akasema maneno yale yale: Bwana, usiuache mkono wangu utetemeke. Na sala hiyo, katika sala zote alizowahi kusali, ndiyo iliyojibiwa kila siku bila kukosa. Mkono wake haukutetemeka kamwe. Aliweza kupaka ukingo wa kioo kwa brashi ya unywele mmoja huku akiwa na homa. Hakuwahi kujiuliza kwa nini mbingu, zilizomnyamazia alipofiwa na mkewe, zilikuwa zikimsikiliza upesi namna ile kwa jambo hili moja.

Aliyeleta kazi alikuwa Afande Perpetua, mwanamke mwenye sauti ya mtu anayebembeleza mtoto. Hakuwahi kumfokea mtu.

"Shikamoo, Mzee Zabroni. Magoti yanaendeleaje?"

"Marahaba, afande. Yanalalamika, lakini yanatembea."

"Upake mafuta ya nyonyo. Mama yangu yalimsaidia." Akaliweka boksi mezani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. "Hii ni ya Bondeni. Vanishi ikikauka, kubwa yake inaondoka."

Zabroni alikuwa ameshika msasa. Akauweka chini.

Bondeni waliishi watu waliokataa kuigeuza milango yao. Amri ilisema milango yote ya nchi ielekee Kilima, alikokaa Mkuu, ili mtu akitoka kwake asubuhi uso wake uanze na Kilima kabla haujaona kitu kingine. Nchi nzima iligeuza. Wengine walibomoa ukuta, wengine walitoboa jiko. Watu wa Bondeni walisema milango yao inatazama jua linakotoka na haijui njia nyingine. Na huko Bondeni ndiko alikoolewa Sesilia, mtoto pekee wa Zabroni. Mlango wake ulitazama jua kwa sababu alifundishwa kusali akiutazama mwanga, na aliyemfundisha ni baba yake.

"Na safari hii," Afande Perpetua akasema, "rubani awe na uso. Mkuu amechoka na vichwa vya kofia tupu. Anataka mtu aonekane."

"Uso wa nani?"

"Wowote, mzee wangu. Wewe ndiye mwenye brashi."

Meza ya jirani alikaa Kapufi, mtu mnene mwenye mzaha, ambaye kazi yake ilikuwa magurudumu tu. Alisubiri mpaka nyayo za afande zilipokwisha.

"We Zabroni. Mbona umekauka kabla ya rangi?"

"Mwanangu yuko Bondeni."

Kapufi akalizungusha gurudumu lenye ukubwa wa kifungo katikati ya vidole vyake. Kisha akasogeza kigoda.

"Nikuambie kitu, usiseme nimelewa. Siku moja nilipiga chafya. Tone la rangi nyekundu likaruka likaangukia mkia wa helikopta iliyokuwa imemalizwa. Nikaogopa, nikanyamaza. Kesho yake ikapita pale dirishani ile kubwa, na tone jekundu mkiani, pana kama mlango."

"Labda ilikuwa nalo tangu awali."

"Hivyo ndivyo nilivyosema. Basi nikachora jogoo. Chini ya tumbo, mahali ambapo afande hainami kutazama. Kesho yake, ndugu yangu, jogoo akapita angani, ukubwa wa nyumba, na kilemba chake."

"Ukamwambia nani?"

"Mke wangu. Akaniuliza kama alikuwa amenona."

Zabroni hakucheka. Aliitazama ile plastiki ya kijivu ndani ya boksi, vipande vilivyokuwa bado vimeshikana na fremu yake kama matunda yasiyoiva, na mara akahisi nyumba nzima inageuka polepole chini yake. Maisha yake yote alikuwa amejiona mwishoni mwa mambo. Jambo hutendeka kwanza, huko, kubwa, halafu yeye huliandika kwa rangi, hapa, dogo. Usafi wa dhamiri yake ulikuwa umejengwa juu ya neno hilo halafu. Sasa Kapufi alikuwa ameling'oa kwa jogoo.

"Kwa hiyo hatunakili," akasema.

"Wao ndio wanaotunakili. Sasa sikiliza. Pale juu, kwenye kichwa cha mapanga yanayozunguka, acha kuweka ribiti moja, kile kimsumari cha kubana. Moja tu. Ndege itaanguka kabla haijavuka mto."

"Na rubani?"

"Ataanguka nayo. Rubani ni wako?"

"Ni mtoto wa mtu."

"Na Bondeni wamejaa watoto wa nani, wa mbuzi? Mungu wako anajua hesabu, Zabroni. Muulize."

*

Bwana, mimi ni mtu wa brashi ndogo. Nilikuomba mkono usiotetemeka, hukuninyima. Sikukuomba uwezo. Aliyeniwekea uwezo mezani ni nani, Wewe au afande?

Kapufi anasema mmoja afe kwa ajili ya wengi. Maneno hayo nimewahi kuyasikia, na walioyasema hawakuwa watu wako.

Nikiacha ribiti ninaua. Nikiweka ribiti ninaua. Nionyeshe mahali pa kuweka brashi ambapo hapaui.

Bwana.

Umenyamaza. Basi nitachukua ukimya wako kama ruhusa. Nisamehe ikiwa ulikuwa unavuta pumzi tu ili useme.

*

Rubani alikuwa na urefu wa kidole gumba, na kichwa chake kilikuwa sawa na punje ya kunde. Alitoka kwenye kalibu, umbo la kumiminia plastiki, akiwa amekaa, mikono yote miwili imekunjwa. Wa kulia ulishika usukani wenye kitufe chekundu juu yake, kitufe cha kufyatulia. Wa kushoto ulikuwa umejificha upande wa pili, chini ya paneli ya saa za ndege.

Zabroni aliamua kumpa huruma. Aliwaza hivi: kama kubwa hufuata ndogo, basi hata moyo hufuata uso. Nikimpaka uso wa mtu asiyeweza kuua, watatafuta rubani asiyeweza kuua. Ndege itafika Bondeni, itazunguka, itarudi. Hakuna atakayekufa, si chini wala juu. Na katika dunia yote alijua uso mmoja tu wa namna hiyo.

Alimfunga rubani kwenye kijiti cha meno, akavuta lenzi ya kukuzia karibu na jicho, akaanza kumwita mwanawe kutoka kwenye plastiki. Kwanza rangi ya ngozi, iliyochanganywa na kahawia ya udongo na tone la njano. Kisha kivuli chini ya nyusi. Kovu dogo juu ya jicho la kushoto, alilolipata siku alipoanguka na kinu. Macho aliyapaka wazi, kwa sababu Sesilia alisali akiwa amefumbua macho, na alipokatazwa utotoni alisema hataki Mungu apite asimwone. Mdomo ulikuwa mdogo mno kwa brashi yoyote, hivyo akauacha umefungwa. Alipomaliza, machozi yalimlenga, na mkono haukutetemeka.

Halafu akachukua wembe. Akaukata mkono wa kulia kutoka kwenye usukani, akatenganisha kidole na kidole, akaufungua kabisa, kiganja juu, akaulaza kwenye goti kama mkono wa mtu anayepokea neno. Akaupaka, akachora hata mistari ya kiganja. Mkono ule usingeshika kitu milele.

Wa kushoto hakuugusa. Hakuusahau, aliuona. Lakini nyumba ile ilikuwa na kanuni moja ambayo kila fundi alijifunza kabla ya kujua mahali pa choo: kitakachofichwa na bodi hakipakwi. Nusu mbili za bodi zikishagundishwa, kilichobaki ndani hakipo. Kupaka kisichoonekana ni kuiba rangi ya Mkuu. Zabroni hakuwahi kuiba. Akagundisha nusu mbili, akazibana kwa mipira, na mkono wa kushoto ukaingia gizani ukiwa wa kijivu kama ulivyozaliwa.

Kilichofuata kilikuwa furaha ya kazi, na hapa ndipo mtu mwema anapotakiwa kuogopwa. Akapaka kijani, akaikata kwa kahawia. Akapitisha rangi nyeusi nyembamba kwenye mistari ya bati mpaka kila ribiti ikasimama peke yake. Akachovya kipande cha sponji, akakigusisha kwenye ngazi na kingo za milango, ili rangi ionekane imechunwa na buti. Akarusha tope matumboni. Na mkono wake, ukiwa umetulia, ukiwa umeombewa, ukachukua unga wa mkaa ukapaka midomo ya mitutu miwili, ukavuta masizi kuelekea nyuma, yakififia jinsi upepo unavyoyafuta. Alifanya hivyo kama mtu anayefunga kifungo cha mwisho cha shati. Kwa miaka yote hakuna helikopta iliyotoka mezani kwake bila masizi, maana helikopta safi ni mwanasesere.

Akapuliza vanishi. Akarudi nyuma hatua moja kuitazama, akaona ni njema.

"Zabroni," Kapufi akasema polepole. "Masizi hayo yametoka wapi?"

"Kwenye mitutu."

"Ambayo haijapigwa bado?"

Alikimbilia kitambaa, akasugua. Vanishi ilikuwa imeshashika.

Ule usiku hatuna haja nao. Alisali mpaka sauti ikakauka, akiomba kitu kimoja: Jumanne ya nyuma. Na kwa mara ya kwanza mbingu zilimsikiliza kwa jambo jingine. Aliamka akaikuta helikopta mezani imepakwa kijani na kahawia, tope tumboni, mitutu safi kama meno ya mtoto. Bodi ilikuwa imeshagundishwa. Unga wa mkaa ulikuwa kwenye kikopo, haujaguswa. Zabroni akalia kwa shukrani, akakifunga kikopo, akakikalia.

Afande Perpetua akaingia.

"Shikamoo, mzee wangu. Mafuta ya nyonyo yalifaa?"

"Marahaba. Yamefaa, afande. Hii imekwisha. Napuliza vanishi sasa hivi."

Afande akainama, akatazama kwa muda. Akaona uso wa rubani, akautazama uso wa Zabroni, akatabasamu. "Sura nzuri sana. Lakini mwili bado. Ni kama kitu cha dukani."

"Iko hivyo hivyo, afande. Ni mpya."

"Sawa." Hakukasirika. "Umechoka, si kosa. Nitampa Kapufi aimalizie. Anapaka masizi kama anayepaka chungu matako, lakini ni kijana wa kujituma."

Kapufi, aliyekuwa na mvi mpaka masikioni, akasema, "Mimi nipeni, afande. Nitapaka vibaya sana." Akamtazama Zabroni kwa macho ya kusihi: niachie. Niachie niharibu.

Na Zabroni angeweza kumwachia. Lakini akilini aliviona vidole gumba vya Kapufi juu ya kazi yake. Aliona masizi mazito yaliyovutwa mbele badala ya nyuma, kinyume na upepo, juu ya bodi ambayo hakuwahi kutengeneza nyingine nzuri kuishinda. Kitu ndani yake kikasimama, kitu kilichokuwa kimekaa mlango mmoja na sala zake miaka yote kikila chakula kimoja nazo, naye hajawahi kukiuliza jina. Alijiambia: mkono wa kulia uko wazi. Masizi ni rangi tu, bila mkono ni rangi tu. Akakitoa kikopo alichokikalia.

"Afande, huyu ni mtu wa magurudumu," akasema.

Akapaka masizi mazuri kuliko yale ya kwanza.

*

Kubwa ilipita dirishani kabla vanishi haijamaliza kunuka. Mitutu yake ilikuwa imeshaungua, na yenyewe ilikuwa bado inakwenda Bondeni. Kapufi aligeuzia ukuta kigoda chake. Zabroni alipiga magoti yaliyohitaji mafuta, akashikilia jambo moja kama mtu anayeshikilia ukingo wa kisima: mkono uko wazi, mkono uko wazi. Baadaye, au kabla, harufu ya nyasi za paa zinazoungua ikaingia kupitia dirisha lisiloonyesha nchi.

Afande Perpetua alikuja kumpongeza. Alileta karanga kwenye karatasi.

"Tulipata kazi na ule uso wako," akasema. "Tulizunguka nchi nzima tukitafuta mwenye uso ule. Unajua tuliupata wapi? Huko huko Bondeni, anapepeta mtama."

Zabroni akashika ukingo wa meza.

"Hakukataa?" Kapufi ndiye aliyeuliza, akiwa bado anatazama ukuta.

"Nani humkatalia aliyemtengenezea sura?" Afande akaweka karanga mezani. "Yuko nje. Ameomba kumshukuru fundi. Nimeona ni adabu nzuri."

Akaingia mtu aliyevaa suti ya urubani, akatembea taratibu kama anayeogopa kuchubua rangi. Kovu lilikuwa juu ya jicho la kushoto, mahali pake. Macho yalikuwa wazi na hayakupepesa. Ngozi ilikuwa na mng'ao mwembamba, na Zabroni aliujua ni mng'ao wa vanishi gani. Mkono wa kulia aliubeba mbele yake, kiganja juu, vidole vimetengana. Wa kushoto ulikuwa nyuma ya mgongo.

"Shikamoo, baba," akasema, bila midomo kufunguka, kama watu wanavyomwamkia mzee yeyote.

"Sesilia."

"Ndilo jina la rubani?" Akafikiri kidogo. "Sikupewa jina. Asante kwa sura. Wanasema inafaa."

"Mwanangu, umetoka wapi?"

"Bondeni."

"Kuna nini Bondeni?"

"Kulikuwa na milango," akasema. "Ilikuwa inatazama jua. Sasa haitazami popote."

Zabroni akaushika ule mkono wa kulia kwa mikono yake miwili. Aliiona mistari ya kiganja aliyoichora mwenyewe, mmoja baada ya mwingine. Akajaribu kuvikunja vidole, havikukunjika. Mahali fulani chini kabisa ya kifua chake kitu kikaanza kumshukuru Mungu kabla hajaruhusu.

"Mkono huu haushiki," akasema. "Niliufungua mwenyewe. Si wewe. Huwezi kuwa wewe."

"Haushiki," akakubali. "Nilijaribu. Masizi yalikuwa yameshakuwapo kwenye mitutu, baba, na ndege hairudi na masizi ambayo haikuyapiga. Nilijaribu tena na tena. Huu ukakataa."

"Basi..."

Akautoa wa kushoto nyuma ya mgongo, akauonyesha kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwa wa kijivu mpaka kwenye kifundo. Haukuwa na kucha wala mistari, na mshono wa kalibu ulipita juu ya dole gumba mahali ambapo hakuna msasa uliowahi kufika. Ulikuwa ngumi.

"Huu hukuugusa," akasema, bila lawama yoyote. "Huu ulikuja umekunjwa."